Ngazi za Mlango wa Uani

Mstari wa kwanza Fundi Kimya aliuchora kwa penseli ya useremala, usawa wa goti. Akaandika tarehe pembeni, akapuliza vumbi, akarudi nyuma hatua mbili kama mtu anayetazama picha ya harusi yake mwenyewe.

"Hapa ndipo unyevu ulipofika leo, mama. Ukivuka hapa, niite mwongo."

Baada ya wiki mbili Bi Fagio alimwita mwongo.

Mstari wa pili ukachorwa usawa wa paja. Wa tatu ukafika kwenye ubao wa kitanda. Wa nne ulipogusa usawa wa kiuno, Bi Fagio alikisogeza kitanda katikati ya chumba, mbali na ukuta, akawa analala kama maiti anayesubiri kuagwa. Maneno hayo aliyasema mwenyewe, tena kwa kicheko, ila kicheko kiliishia kwenye kikohozi, na kikohozi ndicho kilichomleta mwanawe.

Jina la Bi Fagio hakupewa na wazazi. Alipewa na mtaa, kwa sababu kwa miaka arobaini na mbili, tangu alipoletwa bibi harusi katika nyumba ile kongwe ya mawe, haikupita asubuhi asifagie ua. Alifagia na mimba ya miezi tisa. Alifagia siku ya pili ya msiba wa mumewe, waombolezaji wakiwa wamekaa chini. Aliwaambia wainue miguu, wakainua.

Mwanawe, wa pekee, alikuwa mpimaji ardhi. Kazi yake ilikuwa kuchungulia kwenye chombo chenye miguu mitatu na kuwaambia watu mipaka yao inapita wapi, kwa hiyo alishazoea kuaminiwa. Alisimama chumbani, akatazama rangi iliyovimba na kubanduka, akatazama chumvi nyeupe iliyochanua ukutani kama unga uliomwagwa na mtu mwenye hasira, akavuta ile harufu ya shuka lililosahauliwa kwenye beseni.

"Mama, chumba chako kwangu kiko tayari."

"Kwako ghorofa ya nne."

"Ndiyo maana. Unyevu haupandi ghorofa ya nne."

"Hata mimi sipandi."

"Mama, sitanii."

"Mimi pia. Ngazi hamsini na mbili zile, nilizihesabu mara ya mwisho. Ya thelathini nilikaa, nikafikiria maisha yangu yote tangu utotoni."

Mpimaji alivua miwani, akaisugua kwa ncha ya shati. Alipofanya hivyo ndipo mama yake alipojua kwamba jambo limeshaamuliwa na anatafutiwa tu jinsi ya kuambiwa. Hakutaka ugomvi, alisema. Angempa fundi nafasi mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao. Unyevu ukishuka chini ya mstari wa nne, hata kidole kimoja, mama anabaki nyumbani kwake. Usiposhuka, yeye anakuja na pikapu, na nyumba inafungwa kufuli.

"Kidole kimoja," alisema Bi Fagio.

"Kimoja tu."

"Sawa. Ukuta umekusikia."

Sasa huyo Fundi Kimya. Jina lake nalo ni dhihaka ya mtaa, kwani tangu anakanyaga kizingiti mpaka anaondoka mdomo wake haukupata likizo. Lakini hakuwa fundi wa kubabaisha. Mwanzoni alibandua lipu ya zamani iliyooza, akapiga mpya ya saruji iliyoshiba, akaichanganya na dawa ya kuzuia maji, akailainisha ikawa kama kioo. Unyevu ukapita nyuma ya ile lipu kama mwizi anayepita nyuma ya mlinzi, ukatokea juu yake. Fundi akarudi, akatoboa matundu chini ya ukuta, mstari mzima, ukuta ukawa kama filimbi, akajaza dawa nyingine kwenye kila tundu. Unyevu ukapanda tena.

"Mama, ukuta huu una akili," alisema, akikuna kichwa kwa mpini wa mwiko. "Maji yanapanda kutoka chini, hilo nalijua. Jiwe linanyonya kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Lakini mbona ukuta wa mbele, unaotazama barabara, ni mkavu kama biskuti? Mawe yale yale, umri ule ule. Wa mbele mzima, wa nyuma mgonjwa. Nieleze wewe, maana mimi nimefika mwisho wa elimu yangu."

"Mimi nikueleze? Fundi ni nani?"

"Ilikuwa mimi. Sasa sina hakika."

Walikuwa watatu mezani siku hiyo, Mpimaji naye akiwa amekuja kukagua, chai ikipoa kwenye vikombe. Bi Fagio akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba zamani hata mvua inyeshe vipi, maji hayakukaribia mlango wa uani. Zamani mlango ule ulikuwa juu. Ulikuwa na ngazi tatu.

Kijiko cha fundi kiliacha kukoroga.

"Ngazi tatu za wapi, Mama?" aliuliza Mpimaji.

"Za mlango wa uani. Ziko ngapi sasa?"

Wote wakageuka kutazama. Mlango ulikuwa wazi. Nje ya kizingiti kulikuwa na bamba moja pana la jiwe, kisha udongo wa ua, uliofagiwa ukawa na mistari myembamba kama nywele zilizochanwa.

"Ile moja, Mama. Ni moja tangu nilipopata akili."

"Basi akili ulichelewa kuipata."

Fundi alicheka. Mpimaji hakucheka. Walitazamana, mwanawe na fundi, nusu dakika tu, lakini Bi Fagio aliyaona yale macho. Aliyafahamu vizuri. Yeye mwenyewe aliwahi kumtazama nayo mumewe, miaka ile mama mkwe alipoanza kuuliza kama ng'ombe wamerudi, na nyumbani hapajawahi kuwa na ng'ombe.

"Mama," Mpimaji aliuliza polepole, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto ameze dawa, "leo ni siku gani?"

"Jana ilikuwa siku gani?"

"Alhamisi."

"Basi ongeza moja mwenyewe. Nilikulipia shule."

Alijibu hivyo, na akajisifu moyoni kwa kujibu hivyo. Lakini walipoondoka, aliketi kwenye kile kitanda cha katikati ya chumba na kichwa kikaanza kumzunguka. Kweli zilikuwa tatu? Wiki iliyopita miwani yake aliikuta ndani ya kopo la sukari. Amemwita mwanawe kwa jina la baba yake mara mbili, labda tatu. Labda ngazi tatu zilikuwa za nyumba nyingine, ya wazazi wake, au ya hospitali alikojifungulia. Labda alikuwa anaota kwa macho makavu. Ukuta kupandwa na maji aliweza kuvumilia. Kuna watu wanalala pabaya zaidi. Ila kama zile ngazi hazikuwepo, basi mwanawe alikuwa na haki ya kuleta pikapu, na wala si kwa sababu ya ukuta.

Mtu mmoja tu aliyebaki duniani angeweza kumtolea ushahidi: wifi yake, dada wa mumewe, aliyezaliwa ndani ya nyumba ile. Na yeye na wifi yake hawajaongea, mwaka wa thelathini na moja sasa. Kwenye msiba wa mumewe wifi alikaa upande wa jikoni na yeye upande wa mlangoni, kila mmoja akilia kwa zamu ili wasilie pamoja. Chanzo kilikuwa kijiko cha fedha chenye nakshi ya jani kwenye mpini, kimoja katika sita, kilichopotea wakati wifi bado anakaa pale. Bi Fagio alimtuhumu. Wifi akafungasha, akaondoka. Kumpigia simu? Afadhali ghorofa ya nne.

Asubuhi iliyofuata hakufagia. Alichukua jembe.

Jirani alichungulia juu ya ukuta wa uani akiwa na mswaki mdomoni. "Bi Fagio, unalima?"

"Napanda ngazi."

"Ehe?"

"Nenda kasukutue, povu linakudondoka."

Alichimba mbele ya lile bamba la jiwe, katikati kabisa, pale ambapo mtu akitoka mlangoni angekanyaga. Alichimba mpaka kwenye kifundo cha mguu, mpaka kwenye nusu ya muundi. Udongo, kokoto, udongo. Vizibo vya soda. Betri iliyotoa kutu. Udongo tena. Hakuna ngazi. Aliegemea jembe, jasho likimwingia machoni, akaona aibu kana kwamba mtaa mzima umemkuta amevaa nguo kinyume. Kumbe ni kweli, alijiambia. Kumbe ndivyo inavyoanza.

Kilichomwokoa ni nguo za kuanika. Aliingia ndani, akainua beseni la nguo alizozifua jana, akalikita kiunoni, akatoka nalo mlangoni kwenda kwenye kamba, macho ameyafumba kwa sababu ya jasho. Na mguu wake, bila kuuliza mtu, ukakunja kushoto.

Akasimama. Akarudi ndani. Akatoka tena, beseni kiunoni, macho amefumba kwa makusudi sasa. Mguu ukakunja kushoto, na mkono wake wa kushoto ukanyooka wenyewe kushika ukuta. Kwa nini ashike ukuta, kwenye ardhi tambarare? Mkono ulikuwa unatafuta kitu ulichokizoea: mtu anayeshuka hushika ukuta. Ngazi hazikutoka mbele kwenda uani. Zilishuka kando, zikiambaa na ukuta, ili zisile nafasi ya ua. Baba mkwe wake alikuwa bahili wa nafasi.

Nguo alizimwaga pale pale. Jembe la tatu tu likagonga jiwe, likalia *ngo!*, na Bi Fagio akalia pia, kidogo, akifuta kamasi kwa mkono wenye udongo.

Fundi Kimya alipofika saa sita alimkuta amekaa kwenye ngazi ya pili, miguu yake imetulia kwenye ya tatu, ndani ya shimo, udongo umempaka mpaka kwenye nyusi. Fundi akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena. Kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya mtaa, jina lake likamfaa.

"Hesabu," alisema Bi Fagio.

"Moja," fundi akalionyesha lile bamba. "Mbili. Tatu." Akachutama, akaweka kiganja kwenye udongo wa ua, akaufuata usawa huo kwa macho mpaka ndani ya chumba, akarudi. "Mama. Mama! Ua umefika usawa wa sakafu yako, na huku ukutani umepita. Umeona? Mimi napigana na maji ya chini, kumbe ukuta unakunywa kwa ubavu. Nyumba imezikwa mpaka magotini! Nani amemwaga udongo wote huu?"

Bi Fagio aliinuka. Aliutazama ukuta uliobaki, urefu wake wote, na tuta laini la udongo lililouegemea. Halafu akalitazama fagio lake, limeegeshwa palepale linapoegeshwa kila siku.

"Mbele unafagia kwenda wapi?" fundi aliuliza taratibu.

"Barabarani."

"Na huku uani?"

Alielekeza kidole ukutani. Huku uani, kwa miaka arobaini na mbili, kila asubuhi, alifagia kutoka getini kuja nyumbani, taka kubwa akazizoa, na vumbi akalisukuma vizuri ukutani lisionekane. Na kila mwaka mvua zikikaribia, marehemu mumewe alileta toroli za kokoto kufunika tope, naye akazisawazisha juu ya lile vumbi. Bi Fagio alianza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkatiza.

"Fundi, mimi ndiye mgonjwa au ndiye ugonjwa?"

Siku mbili zilizofuata fundi aliitoa lipu yake yote ya saruji kwa tindo na nyundo, akilalamika kwa kila kipande kama mtu anayevuliwa nguo hadharani. Alisema ukuta wa mawe unataka kupumua, yeye ameufunga mdomo. Ukishakauka ataupaka chokaa, si saruji. Mstari wa nne akauchora upya kwenye jiwe tupu, pale pale ulipokuwa. Kisha akachimba nje, akiambaa na ukuta, upana wa hatua mbili, mpaka usawa wa ngazi ya tatu. Katika udongo ule ilitoka miaka yote ya Bi Fagio: vifungo vya shati la shule, kitana kilichong'oka meno, kisoda cha kinywaji ambacho hakiuzwi tena, gurudumu la gari la kuchezea. Na karibu na ngazi ya pili, cheusi kama kipande cha mkaa, kijiko. Bi Fagio alikisugua kwa kidole gumba. Jani likatokea kwenye mpini.

Alikitia kwenye mfuko wa gauni, na siku nzima kilimgonga pajani.

Mpimaji alipokuja, alishuka zile ngazi tatu, akazipanda, akazishuka tena. Akapiga magoti akapima kwa mkono. Yeye, mwenye chombo cha miguu mitatu, ambaye watu wa mbali wanamwita awaambie ardhi yao imepanda au imeshuka.

"Nilikosea, Mama. Nisamehe. Lakini..."

"Ilikuwepo. Nimeiona ikikaa nyuma ya meno tangu umeingia, hiyo lakini."

"Lakini ukuta bado umelowa. Njoo uone."

Na kweli. Mstari wa tano Fundi Kimya aliuchora juu ya wa nne, sawasawa, penseli juu ya penseli. Unyevu uliacha kupanda. Kushuka haukushuka. Wiki ikapita, na nyingine, fundi akaja kila siku kukaa mbele ya ukuta kama mtu aliyekuja kuomba radhi asiambiwe kosa lake.

"Kuna kitu sikielewi," alisema. "Mafundi wa zamani walikuwa wakimaliza msingi, kabla ya kuanza ukuta, wanalaza tabaka la lami. Jeusi, nene hivi. Hilo ndilo linalozuia maji yasipande. Mbele lipo, nimelichokonoa nikaliona, ndiyo maana mbele ni kukavu. Huku nyuma silioni."

"Labda hakuweka."

"Baba mkwe wako angesahau?"

Bi Fagio alimkumbuka mzee yule, aliyekuwa akikagua jinsi watu wanavyokunja mashuka. "Hakusahau kitu mpaka anaingia kaburini. Basi chimba zaidi."

"Ndiyo tatizo. Kama ngazi ya tatu ndiyo ya mwisho, chini yake ni msingi. Nikiuvua msingi udongo wake na mvua inakuja, nyumba itakaa chini kama mzee aliyechoka kusimama. Na wewe ndani. Mama, una hakika zilikuwa tatu? Hakika kabisa?"

Zamani angemjibu kwa kejeli. Sasa alitafuta hakika yake akaikuta ina matobo. Mguu ulikumbuka kukunja kushoto, haukukumbuka idadi. Alijiona akiletwa bibi harusi, akishuka ngazi ile kwenda kunawa, moja, mbili, tatu, ardhi. Lakini pia aliwahi kuapa kwamba kijiko kiko kwenye sanduku la wifi yake. Aliapa kwa hakika ile ile.

Jumamosi ilikuwa imebaki siku nne.

"Mwanangu," alisema kwenye simu, "nipe namba ya shangazi yako."

"Mama, uko salama?"

"Nipe kabla sijabadili mawazo."

Aliipiga akiwa amesimama, kwa sababu alihofia akikaa hatainuka. Fundi alijifanya anapanga vyombo vyake, masikio yamesimama kama ya sungura.

"Nani?" ilisema sauti, nzito kuliko alivyoikumbuka.

"Mimi."

"Mimi tuko wengi."

"Mke wa kaka yako."

"Kaka yangu alifariki miaka tisa iliyopita."

"Najua, wifi. Nilikuwepo."

Kitu kilianguka upande wa pili, labda kifuniko cha sufuria. Kisha ile sauti ikauliza kama kuna mtu amekufa tena.

"Hakuna. Nimekipata kijiko."

"Kijiko gani?"

"Kijiko, wifi! Cha fedha! Chenye jani!"

"Sijui unaongea nini."

"Kile nilichosema umekiiba." Alihamishia simu sikio la pili. "Miaka thelathini na moja. Kilikuwa uani, mimi mwenyewe nilikifagia pamoja na taka. Nakuomba radhi."

"Wewe hukuwahi kusema nimeiba kijiko," wifi alisema, akionekana kuchanganyikiwa kweli. "Ungesema, ningekunyoa nywele ukiwa macho. Wewe ulisema pazia langu linafanana na gunia."

"Pazia?"

"La sebuleni! Nililishona siku nne, taraza zote kwa mkono! Ukalitazama, ukasema, 'Gunia limepata dirisha.' Mbele ya wageni!"

Bi Fagio alishika ukuta. Ukuta ulikuwa umelowa. Pazia hakulikumbuka hata kidogo. Ila maneno yale, gunia limepata dirisha, alijua kwa aibu kubwa kwamba yanafanana sana na mdomo wake. Basi kijiko alimtuhumu nani? Au alimtuhumu moyoni tu, akanuna, akangoja aombwe radhi kwa kosa ambalo hakulitaja? Miaka yote hiyo kila mmoja amenuna kivyake, kwa sababu yake, kama watu wawili wanaogombea viti kwenye magari tofauti.

"Wifi," alisema mwishowe, "kuna jambo moja. Usinicheke. Mlango wa uani ulikuwa na ngazi ngapi?"

"Nne."

Alijibu papo hapo, kama anaulizwa vidole vya mkono ni vingapi.

"Tatu, wifi. Zimechimbwa, ninaziona."

"Nne. Ya chini ilikuwa pana, nilikuwa nalaza wanasesere wangu wakiwa wagonjwa. Baba alinichapa kwa kuichora na mkaa. Utaijulia wapi wewe? Ulipoletwa ilishafunikwa. Kaka alimwaga kokoto wiki ya harusi yenu ili bibi harusi asikanyage tope. Tope lenyewe lilikuwa la kawaida tu. Alikudekeza tangu siku ya kwanza."

Fundi Kimya alikuwa ameshatoka na sururu.

Hakuchimba sana. Shibiri moja na nusu chini ya ngazi ya tatu, jiwe pana likatokea, na Bi Fagio aliinama akalimwagia maji akilitafuta doa la mkaa, ingawa alijua ni upuuzi. Fundi yeye alikuwa amepiga magoti pembeni, anaufuta ukuta kwa kiganja, kwa upole, kama anamfuta mtoto uso. Pale, juu kidogo ya ngazi ya nne, ulipita mstari mweusi, mnene kama kidole, ukienda kushoto na kulia bila kukatika.

"Lami," alisema. "Ilikuwa inafanya kazi yake muda wote. Ninyi mmeizika, maji yakapita juu yake." Akacheka peke yake. "Wifi yako alihesabu nne, wewe tatu, mwanao moja. Na hakuna aliyedanganya! Mimi tu ndiye niliyesema uongo, na nimeulipisha ukuta."

Siku nne hazitoshi kukausha ukuta uliolowa miaka. Fundi alisema hivyo waziwazi. Lakini upepo uliingia kwenye ule mtaro tangu siku ile, jua likapiga mawe yaliyo uchi, na Bi Fagio akalala na dirisha wazi, akiamka kuutazama mstari kama mtu anayeangalia sufuria ya maziwa.

Jumamosi pikapu ilipaki mbele. Mpimaji aliingia kwa mlango wa barabarani, sanduku tupu mkononi, akaenda moja kwa moja chumbani. Fundi alikuwepo. Wifi naye alikuwepo. Alifika asubuhi bila kualikwa, na hadi wakati ule walikuwa wameshagombana mara mbili kuhusu rangi ya lile pazia. Mpimaji alimwamkia shangazi yake, akainama ukutani. Chini ya mstari wa penseli palikuwa na utepe wa jiwe kavu, mweupe.

Akaweka kidole. Hakikuenea.

"Sogea," Bi Fagio alisema, akaweka chake. Kikaenea.

"Mama, tulisema kidole..."

"Na hiki ni nini, mchicha?"

"Jaribu cha kwangu," wifi akasema, akaweka, kikaenea na nafasi ikabaki. "Mbili kwa moja, mwanangu."

Mpimaji alitabasamu, lakini sanduku hakuliachia. Alianza kuelekea mlango wa uani akauone mtaro, akizungumza, uso ameugeuzia nyuma kwa mama yake. Kweli umeshuka, alikuwa anasema, na anafurahi, lakini mvua bado hazijaja, na mtu wa umri wake, ambaye hata kijiko na pazia vinamchanganya, si vizuri akae peke yake, kwa hiyo labda wafikirie, kwa muda tu...

Alikanyaga lile bamba la jiwe, akaendelea mbele kama alivyoendelea mbele tangu alipojifunza kutembea. Mbele hapakuwa na kitu.

Sanduku lilitangulia. Yeye akafuata.

Walimkuta amekaa mtaroni juu ya kokoto, miwani imening'inia sikio moja, kidevu kimechubuka kidogo, anaitazama nyumba yao kana kwamba ameiona leo.

"Ngazi ziko kushoto," mama yake alisema kutoka juu. Alishuka polepole, mkono ukutani, moja, mbili, tatu, nne, akachutama mbele yake, akamwekea miwani vizuri. Aliona mwanawe hajavunjika popote ila kwenye majivuno. Hapo ndipo akauliza kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto ameze dawa:

"Mwanangu, leo ni siku gani?"

Mpimaji alifumba macho, akafumbua.

"Ijumaa?"

Bi Fagio aligeuza kichwa, akamtazama wifi yake, halafu fundi, nusu dakika, kwa yale macho.